Ngata ya Ndoo Chini ya Sikio la Mtoto

Ndugu zangu, nawasalimu kwa salamu zenu zote mbili, ya msikitini na ya kanisani, kila mmoja aitikie ya kwake. Nashukuru. Kuna baba mmoja pale dirishani ameitikia zote mbili, huyo hataki kukosa kotekote.

Mwenyekiti wetu ameniambia, "Mama, sema kwa kifupi, watu wana safari." Nikamjibu kwamba jambo nililolificha miezi sita haliwezi kutoka kwa dakika tano. Kwa hiyo mnivumilie. Najua benchi hizi za darasa la kwanza zinawapa tabu, magoti yanafika kidevuni. Hata mimi nilipokuwa nimekaa pale nilianza kuwaza nitainukaje.

Wengi mnanijua. Kwa wale waliokuja leo kwa mara ya kwanza, mimi ni mzaliwa wa Msimbati, nimeolewa hapa mjini, Magomeni ya huku kwetu, si ile ya Dar es Salaam, na kazi yangu ni mhudumu wa chumba cha upasuaji. Si daktari wala muuguzi. Nilianza kwa kupiga deki. Sina mtoto mwenye kichwa maji, wanangu wanne wana vichwa vya kawaida, ila hawasikii wakitumwa. Nimo katika kikundi hiki cha wazazi kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo ushuhuda wangu. Jina la mtu sitataja, wala la hospitali. Nitataja la utani tu, na ni langu mwenyewe: Mama Ngata.

Jina hilo nililipata mwishoni mwa miaka ya tisini. Wakati ule mtoto wa huku Kusini maji yakimjaa kichwani, kumfikisha Dar es Salaam ulikuwa mtihani. Mvua ikinyesha barabara inakatika, mnakaa njiani mpaka unga unawaishia. Wengi waliambiwa wasubiri nyumbani, na wengine, mnajua wenyewe, walifichwa ndani wageni wakija. Ndipo ikaja neema: daktari mmoja bingwa wa vichwa akawa anakuja kwa ndege ndogo mara mbili kwa mwaka. Anakaa siku tatu, anawafanyia watoto waliokusanywa, anaondoka. Alikuwa anaweka ule mrija mwembamba unaoanzia kichwani nyuma ya sikio, unapita chini ya ngozi ya shingo na kifua, unakwenda kumwaga maji tumboni. Ninyi mnaujua mrija huo kuliko mimi, mnaupapasa kila siku mkiwaogesha.

Sasa nisikilizeni hapa, maana watu hudhani kazi yote iko kwenye kisu. Kabla ya kisu kuna kumlaza mtoto. Mtoto mchanga ambaye kichwa kimemzidi mwili humlazi kama unavyomlaza mtu mzima. Anawekwa chali, kichwa kinageuzwa upande mmoja, chini ya mabega unaweka kitambaa kilichokunjwa ili shingo inyooke, kusudi kutoka nyuma ya sikio mpaka tumboni iwe njia moja bila bonde. Ukikunja shingo, pumzi inabanwa. Ukiinyoosha kupita kiasi, unamuumiza. Mikono na miguu unaizungushia pamba, kwa sababu mtoto mdogo anapoa upesi kama uji kwenye sahani. Macho unayafumba, unabandika plasta. Na kichwa lazima kikae juu ya kitu laini kitakachokizuia kisibingirike.

Kitu hicho hatukuwa nacho. Kilikuwepo cha mpira, cha watu wazima, nacho kilishapasuka. Siku ya kwanza daktari mgeni akaangaza macho chumba kizima, akauliza, "Hamna chochote cha duara?" Mimi nilikuwa pembeni na ndoo yangu ya deki. Nikanawa mikono, nikachukua kipande cha shuka safi, nikakisokota, nikakizungusha, nikafunga ngata. Ngata ile ile tuliyokuwa tunawekea ndoo ya maji kichwani tangu utoto kule Msimbati. Nikaizungushia pamba kwa juu nikampa. Akamlaza mtoto, kichwa kikatulia. Daktari akacheka, akaniambia, "Mama, kuanzia leo kichwa ni chako."

Jamani, mnajua maneno kama hayo yanamfanyaje mtu aliyezoea kuitwa kwa ajili ya matapishi? Nilivimba. Nilitembea kutoka kazini mpaka Magomeni sioni mashimo. Kutoka siku ile kila daktari alipokuja, kila mtoto nilimsokotea ngata yake, kwa kipimo cha kichwa chake, na masista wakanibatiza jina. Nikajiwekea na sharti: kichwa kikishatua, napitisha kidole chini ya sikio lililolaliwa, nihakikishe halikujikunja na pale chini ni pakavu. Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, akaanza kusema kwamba nitapelekwa kozi, niwe muuguzi kamili. Nikawa naona kofia ile nyeupe iko kichwani kwangu tayari.

Ikaja safari moja ya daktari, katikati ya masika. Nguo haikauki. Shuka zilitoka chumba cha kufulia zina unyevu, na pamba imebaki kidogo. Mtoto wa tatu siku hiyo alikuwa wa kike, wa miezi minne, mama yake ametoka kijiji kimoja cha kule kuelekea Ruvuma, watu wa korosho na mihogo. Na safari hiyo daktari alikuja na muuguzi mgeni ambaye habari za ngata zilikuwa zimemfikia, akataka nimfundishe. Hapo ndipo niliposahau kazi nikakumbuka sifa. Mtoto yule nilimsokotea ngata upesi upesi, kwa shuka lenye unyevu, bila pamba, tena nikaikaza. Kwa nini niliikaza? Kwa sababu ngata ya ndoo hukazwa, isipokazwa ndoo inayumba na maji yanakumwagikia. Ya mtoto inatakiwa legelege. Mimi nilikuwa naongea, najionyesha, mikono ikafanya ilichozoea tangu utotoni.

Mrija ulikuwa unawekwa upande wa kulia, kwa hiyo kichwa kiligeuzwa kushoto, sikio la kushoto likawa chini. Sikupitisha kidole. Nilisogea kando na mgeni wangu, namwonyesha namna ya kusokota, tunacheka, huku dawa ile ya kahawia ya kusafishia ngozi inachuruzika kichwani kwa mtoto na kujikusanya kwenye ngata yangu.

Upasuaji ulichukua muda kuliko kawaida. Walipomaliza, kichwa nilikiinua mimi. Sikio la kushoto lilikuwa limejikunja katikati, na ngozi ya nyuma yake ilikuwa nyekundu, imelainika. Nikalinyoosha, nikajiambia litarudi lenyewe. Daktari alikuwa ameshageuka kwenda kunawa. Bandeji tulikuwa tunazungusha kichwa kizima, basi nikalifunika na lile sikio. Sikumwambia mtu. Ngata ilikuwa kosa la haraka, ndugu zangu, lakini kulifunika sikio nilikufanya taratibu, kwa akili zangu.

Fuataneni nami sasa, mwone jambo dogo lilivyozaa kubwa. Mama wa yule mtoto aliporuhusiwa aliambiwa: usimlaze upande wa kulia, kwenye mrija, ngozi pale ni nyembamba, mlaze kushoto. Akaenda kwao. Bandeji ilipotolewa akaona kidonda nyuma ya sikio la kushoto, akadhani ni bandeji imekwaruza, akapaka mafuta ya nazi. Akimlaza kushoto kama alivyoagizwa, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Akimgeuza kulia, ananyamaza. Mama gani atamwacha mwanawe alie? Akamlaza kulia. Siku zikaenda, ngozi juu ya mrija ikachanika, homa ikapanda, akarudishwa kwetu macho yamelegea.

Nilikuwepo wodini daktari wetu wa pale alipopita. Nilikuwa nimeshika trei, hatua mbili kutoka kitandani.

"Mama, tulikwambia umlaze vipi?"

"Kushoto, daktari."

"Wewe ukamlaza wapi?"

"Kushoto alikuwa hataki. Nikimgeuza tu, kilio."

"Mtoto mchanga hachagui upande, mama."

Yule mama akaangalia sakafu. "Basi nimekosa," akasema.

Mimi nilijua kwa nini mtoto alichagua. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua. Nikatoka na trei yangu, nikajifanya naenda kuchemsha vyombo.

Mrija ukatolewa. Mtoto akawekwa kwenye sindano asubuhi na jioni, na maji ya kichwani yakawa yanavutwa kwa sindano ili yasimzidi, tukisubiri daktari mgeni arudi. Hatukuwa na hakika kama atamkuta. Kila nilipoingia kazini niliangalia kwanza kitanda kile, nione kama bado kina mtu.

Mume wa yule mama alikuja na mama yake mzazi, bibi wa mtoto. Nilisikia kwa masikio yangu mawili, sikusimuliwa. "Mwanamke hajui hata kumlaza mtoto!" bibi alisema, na wodi nzima ikageuka. Mume hakutetea. Wakakata shauri pale pale: mtoto akipona atalelewa na bibi yake, na mama arudi kwao. Yule mama alikuwa ananyonyesha. Alimvuta mtoto karibu zaidi tu.

Na mimi, shahidi wa kweli, nikafanya nini? Nikampelekea uji. Ndiyo, uji! Kila asubuhi, chupa nzima, wa karanga. Nikampa sabuni, nikampa kanga yangu moja. Kadiri roho ilivyoniuma ndivyo nilivyozidisha sukari. Mnacheka, chekeni, leo hata mimi nacheka, lakini wakati ule nilikuwa naoza ndani kwa ndani. Akaanza kuniita dada. Nikisali, ninapofika kwenye dua maneno hayaji. Nyumbani maji ya bomba yakikatika nikawa nabeba ndoo kichwani bila ngata, utosi unawaka moto. Binti yangu akaniuliza, "Mama, ngata yako iko wapi?" Nikamfokea mpaka akalia. Maskini mwanangu, hakunikosea lolote.

Nilikuwa naogopa nini? Nawaambieni kweli. Kifungo sikukiogopa. Niliogopa kurudi kwenye ndoo ya deki. Ile kozi, ile kofia, lile jina. Nilimwacha mwanamke mwenzangu apoteze mtoto na ndoa ili mimi nisipoteze kofia.

Halafu zikaja habari kwamba daktari anafika wiki ijayo. Asubuhi ile nikaingia na chupa yangu ya uji. Yule mama akanishika mkono.

"Dada, nina ombi," akasema. "Wewe ndiye unayewalaza watoto kule ndani. Nifundishe kumlaza. Safari hii nikikosea tena wataniondolea mwanangu kweli."

Kisha akachukua kanga, ile niliyompa mimi, akaisokota ngata, kwa kuwa alisikia ndivyo tunavyofanya. Akaiweka juu ya kitanda. "Ni hivi?"

Nikaibonyeza. Ikabonyea yote. Nikamuuliza, "Mbona umeilegeza?"

Akanishangaa. "Si ya kichwa cha mtoto? Niikaze ya nini?"

Nilikaa chini, sakafuni, kati ya vitanda viwili, na nikayasema yote. Ngata, unyevu, dawa, mgeni, kicheko, kidole nisichopitisha, bandeji niliyofunikia. Nilisema bila kumwangalia. Nilipoinua uso alikuwa amemgeuza mtoto, anaangalia kovu la nyuma ya sikio la kushoto. Analigusa kwa ncha ya kidole.

"Kumbe ndiyo maana alikuwa hataki," alisema.

Kisha akasema, "Miezi yote hii nalia kwa kosa langu. Kumbe nilikuwa nalia kwa kosa lako." Akanisogezea chupa. "Toka. Na uji wako beba."

Nikatoka na uji wangu. Nikaenda moja kwa moja kwa metroni kabla moyo haujabadilika njiani. Metroni alinisikiliza amesimama. Akanipa karatasi niandike yote, na nilipomaliza akaniambia kesho yake nisiingie chumba cha upasuaji, niripoti chumba cha kufulia. Kuhusu kozi hakusema neno, wala mimi sikuuliza. Daktari wetu naye, nampa haki yake, alisoma ile karatasi akaenda mwenyewe mpaka kitandani. Akamwambia yule mama mbele ya wenzake, "Mama, mtoto alikuwa anachagua. Ulinieleza, sikukusikiliza."

Siku tatu baadaye yule mama akaniita. Nilikuja na mikono ya sabuni, nikasimama miguuni pa kitanda, sikuthubutu kusogea.

"Daktari mgeni akija," akaniuliza, "mwanangu atamshika kichwa nani?"

"Sijui. Mimi nimetolewa."

"Utamshika wewe."

Akaendelea bila kupandisha sauti: "Wengine wanaweza kusahau. Wewe huwezi tena. Na jambo la pili. Haya uliyoniambia mimi, utakuja kuyasema nyumbani kwa mume wangu, mbele yake na ya mama yake. Nikiwaambia mimi watasema nimetunga."

Metroni alikataa katakata. Mama akasema basi na yeye hatii sahihi karatasi ya upasuaji. Walivutana mpaka daktari mgeni alipotua, akaelezwa, akanitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Mama akitaka awepo, awepo."

Safari hii mrija ulikuwa unawekwa upande wa kushoto, kichwa kigeuzwe kulia. Nilisokota ngata kwa kitambaa kilichokauka kabisa, nikaizungushia pamba, nikailegeza, nikaijaribu shavuni kwangu mwenyewe. Mabega, kitambaa. Shingo, sawa. Mikono na miguu, pamba. Sikio la kulia likatua katikati ya lile tundu, limenyooka. Nikapitisha kidole. Daktari alipomwaga dawa, nikaikinga kwa kitambaa isifike chini, nikapitisha kidole tena. Walipofunika mashuka nikaomba ruhusa kwa yule wa dawa za usingizi, nikakaa kwenye kigoda chini ya mashuka upande wake, na kidole kikabaki pale pale chini ya sikio mpaka mwisho. Mgongo uliniuma, kidole kikafa ganzi. Sikutaka kukitoa. Walipofunua, daktari aliniambia, "Inua." Nikainua. Sikio lilikuwa kavu, zima, na lina joto. Nikalia pale pale na barakoa yangu, ikalowa yote, ikabidi nipewe nyingine.

Mtoto akaamka vizuri. Utosi ukatulia. Likabaki lile la pili.

Nawaambia, kukiri kwa mtu mmoja kando ya kitanda ni kazi, lakini kusimama kwenye uwanja wa watu ni nyingine. Mume wangu alinisindikiza. Tulifika wakati wa korosho, zimeanikwa uwanjani. Mama mkwe amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo, mumewe yule mama ametoka shambani, majirani wawili watatu wamekuja kwa kuwa mgeni akiingia kijijini anatazamwa. Mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Alikuwa amerudi pale kwa siku chache tu, akisubiri kupelekwa kwao.

Nikasema. Nilianza na salamu, nikasema mimi ndiye niliyemuumiza mjukuu wao, mkwe wao hakukosa. Mume alikunja uso, akauliza mara mbili, "Unasema ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akauliza kwa nini sikusema siku zile. Nikamjibu, niliogopa kazi yangu. Jirani mmoja akaguna.

Bibi hakuacha kumenya. Akasema kitu kwa Kimakonde, kisha kwa Kiswahili: "Nionyeshe hiyo ngata. Kama ulivyoifunga siku ile."

Nikavua kanga ya kichwani. Nikasokota, nikakaza, nikaiweka juu ya mkeka mbele yake. Akaweka kisu chini, akaibonyeza kwa kiganja. Haikubonyea. Akaibonyeza tena kwa nguvu zaidi.

"Hii ya ndoo," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Ukamlaza mjukuu wangu juu ya hii."

"Ndiyo."

Akainuka. Yule bibi alikuwa anaumwa magoti, aliinuka kwa taabu, na mimi nilikuwa tayari anizabe kofi, nilikuwa nalitaka. Akanipita. Akaenda mpaka mlangoni, akamchukua mtoto kwa mkwewe, akamtazama masikio yote mawili, kushoto na kulia. Kisha akamrudisha mikononi mwa mama yake, akasema, "Mchukue mwanao. Mlaze unavyojua wewe."

Mume alikwenda kuokota korosho zilizomwagika ambazo hakuna aliyezimwaga. Wanaume, nanyi mna namna zenu za kulia. Lakini habari ya kumrudisha mkewe kwao haikutajwa tena, na jioni ile nililetewa sahani ya mihogo kama mgeni mwingine yeyote. Nilikula kwa machozi.

Hayo ndiyo yaliyonikuta. Kozi sikwenda, na kofia ile sijaivaa mpaka leo. Nilifua mashuka mwaka mzima, nikayakausha vizuri kuliko yeyote aliyepata kuyakausha, kisha metroni akanirudisha chumba cha upasuaji mwenyewe. Mtoto yule yuko shule sasa. Anayumba kidogo akitembea, na kusema anasema kupita wenzake, mwalimu wake ananilalamikia mimi kana kwamba ni wangu.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyemwachia mtoto pumzi mpaka nikapata nafasi ya kusema. Namshukuru metroni aliyeniadhibu bila kunitupa, na daktari aliyerudi kitandani kusema hakusikiliza, maana wengi hawarudi. Namshukuru mume wangu aliyekaa nami kwenye uwanja ule bila kunitetea. Na mama yule. Kwake sina neno la shukrani linalotosha, nimelitafuta miaka hii yote.

Ninalowaachia ni hili. Ukiwa umemtwisha mwenzako kosa lako, uji hautamtua. Nenda ukalitue pale pale ulipomtwishia, mbele ya wale wale waliomwona nalo. Na ninyi wazazi, mkiwapeleka watoto, msione haya. Mnauliza daktari anatoka wapi, mnauliza kisu. Ulizeni pia: kichwa atakishika nani, sikio la chini litaangaliwa na nani? Na mtoto akikataa upande, msikubali kuambiwa hachagui. Mkinikuta ni mimi ndiye mhudumu wa siku hiyo, niulizeni mara mbili.

Sasa nimekuja na kitu, nakitoa kwenye mkoba. Ngata hii hapa. Naomba mpitishiane mkono kwa mkono, na kila mmoja aibonyeze, mjue laini ni ipi. Wababa pia, msiipitishe kwa ncha za vidole. Ni ya mtoto atakayefanyiwa wiki hii.

Itazunguka mpaka kwa mama mmoja aliyekaa kule nyuma, ambaye nimeahidi kutomtaja. Yeye hana haja ya kuibonyeza. Tangu mwaka ule, ngata za watoto wote anazisokota yeye, na mimi kazi yangu ni kupitisha kidole.